Mchoro wa viungo vya Wikipedia unaporomoka mwaka 2013: je, ni kaunti?

*Swali: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu jinsi Wikipedia ya Kiswahili ilivyopokea mabadiliko ya utawala nchini Kenya, kutoka mikoa 8 hadi kaunti 47. Nimechukua makala 55, yaani kaunti zote na mikoa yote ya zamani, nikavuta historia yake kupitia API (mlango ambao programu huombea data ya Wikipedia), nikahesabu kila kilichomo ndani ya mabano mawili ya mraba. Kwa nukta ya mwisho, ya mwaka huu, nilitumia jedwali la pagelinks (orodha ya viungo inayotunzwa na Wikipedia yenyewe) kwa sababu lilikuwa tayari. Mchoro unaonyesha viungo vikiporomoka mwaka 2013, kisha mwishoni vinaruka juu ghafla. Nimeandika kwamba kuporomoka huko kulitokana na kuanza kwa kaunti, lakini msimamizi wangu ana shaka. Tena nikiendesha data mwaka kwa mwaka kwenye Gephi (programu ya kuchora mitandao), nodi (vitone vinavyosimama kwa makala) zinarukaruka hadi hakuna anayeelewa kitu. Nimekosea wapi, na nichore vipi?*

Ndugu msomaji, shaka ya msimamizi wako ina msingi, ila kazi yako haijapotea. Data unayo, na swali lako ni zuri. Kilichokukwaza ni kwamba neno "kiungo" limebeba vitu vinne tofauti ndani ya hesabu moja. Nitaanza na mwaka 2013, kwa kuwa hapo ndipo hoja ya tasnifu yako inaposimama au kuanguka.

Uchaguzi mkuu ulioanzisha serikali za kaunti ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Machi 2013, Wikidata (hifadhi ya data inayotumiwa kwa pamoja na Wikipedia za lugha zote) ilianza kutunza viungo vya lugha kwa Wikipedia zote zilizokuwa bado hazijaingizwa katika mfumo huo. (Kihungari kilitangulia Januari, Kiingereza kikafuata Februari.) Kabla ya hapo kila makala ilibeba, chini kabisa ya maandishi yake, safu ya viungo kwenda lugha nyingine: [[en:Mombasa]], [[fr:Mombasa]], [[de:Mombasa]], na kuendelea. Makala ya mji unaojulikana ingeweza kuwa na mistari kadhaa ya aina hiyo, na kila mmoja umo ndani ya mabano yaleyale mawili unayoyahesabu. Wikidata ilipochukua kazi hiyo, roboti (programu zinazohariri zenyewe) zilipita makala kwa makala zikaifuta mistari hiyo kwa wiki na miezi kadhaa. Msomaji hakupoteza chochote, maana viungo vya lugha viliendelea kuonekana pembeni mwa ukurasa. Programu yako, inayosoma maandishi ghafi, iliona vifo vya halaiki.

Mambo mawili makubwa yametokea katika wiki moja, na moja halina uhusiano wowote na Kenya. Ndiyo maana tarehe peke yake haiwezi kukupa sababu.

Kipimo chake ni rahisi. Usifute data uliyonayo, igawe. Omba kwenye API ya sw.wikipedia.org taarifa za mfumo kwa action=query&meta=siteinfo&siprop=namespaces|magicwords|interwikimap. Utapata majina ya maeneo yote ya wiki hiyo (Jamii, Picha, Kigezo, Mtumiaji na mengine), maneno yanayotambuliwa kuanzisha ukurasa wa elekezo (ule unaompeleka msomaji moja kwa moja kwenye makala nyingine), na viambishi vyote vya lugha. Kisha pitisha kila kiungo kwenye chujio hilo na uchore mistari mitatu: viungo vya lugha, viungo vya Jamii na Picha, na viungo vya makala kwenda makala. Mstari wa kwanza ukishuka kuelekea sifuri kuanzia Machi 2013 na ule wa tatu ukabaki palepale au kupanda, jibu umelipata. Sentensi yako ya sasa itabidi iondoke, lakini utakuwa na aya nzuri ya mbinu inayoonyesha ulivyoutambua mtego huo.

Kuruka kwa mwishoni kuna chanzo kingine. Jedwali la pagelinks huhifadhi viungo vya sasa tu, halina historia. Tena huhifadhi viungo vya ukurasa ukiwa umeshaundwa wote, pamoja na vile vinavyoletwa na vigezo, yaani vipande vinavyoandikwa mara moja na kutumika katika kurasa nyingi. API ilikupa maandishi ghafi ya kila toleo, ambamo kigezo ni jina tu ndani ya mabano ya mabawa, na viungo vilivyomo ndani yake havionekani. Umepima miaka yote kwa kipimo kimoja na mwaka wa mwisho kwa kingine.

Tofauti hiyo si ndogo. Chukua sanduku la chini ya ukurasa linaloorodhesha kaunti zote. Likiwekwa kwenye makala zote 47, kila makala inapata viungo 46 kwenda kwa wenzake, na 47 mara 46 ni viungo 2,162. Mtandao mzima wa kaunti unakuwa umejaa: kila nodi imeunganishwa na kila nodi. Na ukiongeza jina moja ndani ya kigezo chenyewe, kurasa zote zilizokibeba zinabadilika kwa kubonyeza "hifadhi" mara moja tu. Hizo si hukumu 2,162 za wahariri waliofikiri kwamba Lamu inahusiana na Turkana. Ni uamuzi mmoja wa kupanga ukurasa.

Kuna watu hujaribu kukwepa tatizo hili kwa kufungua toleo la zamani kwenye kivinjari, au kuliomba API kwa action=parse pamoja na oldid, wakidhani watapata ukurasa kama ulivyoonekana siku ile. Hawapati. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, hulichukua andiko la 2011 na kulivisha vigezo vya leo. Ukipitia njia hiyo utaona sanduku la kaunti 47 ndani ya toleo lililoandikwa kabla kaunti hazijaanza kazi, na mchoro wako utatoa ushahidi wa uongo kwa sura ya kuaminika sana. Ukihitaji viungo vya vigezo, vuta historia ya kigezo chenyewe kama unavyovuta ya makala, tafuta toleo lililokuwa likitumika tarehe hiyo, na uvihesabu peke yake. Kwa swali lako, ningeviweka katika safu ya pembeni na kubaki na viungo vya ndani ya maandishi, kwa kuwa hivyo ndivyo mhariri aliviweka akiwa anaandika sentensi.

Huenda umesikia kuna data iliyokwisha kusafishwa namna hiyo. Ipo: WikiLinkGraphs, iliyotolewa 2019, ina picha ya viungo ya kila tarehe 1 Machi tangu 2001 hadi 2018, na vya vigezo vimeondolewa. Lakini ina lugha tisa tu, na Kiswahili hakimo. Makala 55 zinawezekana kabisa kushughulikiwa kwa kompyuta ya mkononi, kwa hiyo usikate tamaa.

Anza upya hivi. Orodhesha makala zako kwa namba ya utambulisho wa ukurasa badala ya jina, kwa sababu jina hubadilika makala inapohamishwa, ilhali namba hubaki ileile. Tuseme makala ilianza kwa jina la wilaya ikahamishiwa jina la kaunti: ukifuata jina utaona makala moja imekufa na nyingine imezaliwa, wakati ni ileile. Vuta matoleo yote kwa prop=revisions, ukitaja rvprop=ids|timestamp|user|comment|size|sha1|content, rvslots=main na rvdir=newer. Ukiomba maandishi kamili, akaunti ya kawaida hupewa matoleo yasiyozidi 50 kwa ombi moja, nawe unaendelea kwa rvcontinue hadi jibu lisirudishe alama hiyo tena. Wengi hukwama hapa bila kujua. Wanapata matoleo 50 ya mwanzo, hakuna ujumbe wa kosa, nao wanaamini makala ina matoleo 50. Linganisha idadi yako na ile iliyo kwenye ukurasa wa taarifa za makala. Weka pia User-Agent inayokutambulisha na maxlag=5, ili seva zikielemewa ombi lako likataliwe nawe ulirudie baadaye.

Kwa kuchambua maandishi, achana na msako wa herufi uliouandika mwenyewe. Tumia mwparserfromhell, maktaba ya lugha ya programu ya Python, inayoelewa maoni yaliyofichwa na vigezo vilivyopandana. Halafu sawazisha kila kilengo. Ondoa kilicho baada ya mstari wima, kwa maana [[Kaunti ya Kwale|Kwale]] inakwenda Kaunti ya Kwale. Ondoa kilicho baada ya alama ya reli (#), geuza mistari ya chini (_) kuwa nafasi, fanya herufi ya kwanza iwe kubwa, na uhesabu kila jozi mara moja hata ikiwa imetajwa mara tano. Malizia na maelekezo: kiungo kinachopita ukurasa wa elekezo kihesabiwe kwenda kwenye makala halisi, kwa kufuata elekezo lililokuwapo tarehe ile. Kwa seti ndogo kama yako, jedwali la mkono la maelekezo linatosha.

Hapa kuna jambo la Kenya hasa ambalo programu haitakuonya. Nairobi ni jiji, ilikuwa mkoa, na sasa ni kaunti. Mombasa na Kisumu ni miji na kaunti. Mhariri akiandika [[Mombasa]] katika sentensi inayozungumzia kaunti, kiungo kinakwenda kwenye makala ya mji, nje ya seti yako ya 55. Ama uiongeze miji hiyo mitatu kama nodi za kundi la tatu, ama uandike wazi kwamba umeiacha. Ningeiongeza. Bila hivyo kaunti zinazotajwa zaidi zitaonekana maskini kuliko zilivyo.

Sasa usichukue picha za kila mwaka moja kwa moja. Jenga kwanza jedwali la maisha ya viungo lenye safu nne: chanzo, kilengo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa. Pitia matoleo kwa mfuatano, kiungo kikitokea, fungua mstari, kikitoweka, ufunge. Kiungo kilichotoweka na kurudi ndani ya saa 48, kiunganishe kana kwamba hakikuondoka, kwa sababu mara nyingi ni uharibifu uliorudishwa. Thamani ya sha1, alama inayokokotolewa kutokana na maandishi ya toleo, inakusaidia kuuthibitisha: toleo lenye sha1 sawa na la awali ni maandishi yaleyale yaliyorejeshwa. Bila hatua hii, mtu akifuta makala nzima usiku wa tarehe 31 Desemba na wewe ukapima tarehe 1 Januari, mwaka mzima utaonekana hauna viungo. Kumbuka pia kwamba saa za Wikipedia ni UTC, nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Ukiwa na jedwali hili unaweza kukata picha ya tarehe yoyote: mwaka kwa mwaka kwa ujumla, na mwezi kwa mwezi kuanzia Agosti 2010, Katiba mpya ilipozinduliwa, hadi mwisho wa 2014.

Tofautisha pia makala isiyokuwapo na makala iliyopo isiyo na viungo. Ukiingiza orodha ya viungo pekee katika Gephi, zote mbili huonekana kama hakuna kitu, lakini maana zake ni mbalimbali. Isiyokuwapo usiichore, au iache kama duara tupu lenye ukingo hafifu.

Nodi zako zinarukaruka kwa sababu mpangilio kama ForceAtlas2 huzichukulia nodi kama zinazosukumana na viungo kama vinavyovuta, kisha hutafuta mahali pa kutulia. Kiungo kimoja kikiongezeka, mahali pa kutulia panabadilika kwa wote. Mahali pa nodi kwenye karatasi hapana maana yake peke yake, ni matokeo ya mvutano huo, na hata kuzungusha au kugeuza picha nzima hakubadilishi chochote kwa programu. Kwa jicho la msomaji, kila kitu kimehama. Dawa ya kawaida ni kuunganisha viungo vya miaka yote katika grafu moja, kuipanga mara moja, kuzifunga nafasi zake, halafu kwa kila mwaka kuonyesha na kuficha tu. Ubaya wake ni kwamba mwaka wa 2008 utapangwa kwa nguvu za viungo vya 2020, na nodi mbili zitakaa karibu kabla hazijaunganishwa. Liseme hilo kwenye maelezo ya picha.

Lakini wewe una bahati ambayo wachoraji wengi wa mitandao hawana: nodi zako zina mahali duniani. Ningeacha ForceAtlas2 kabisa na kuweka kila kaunti mahali pake, Mandera juu kulia, Kwale chini kulia, Busia kushoto. Usitumie ramani halisi, maana Turkana na Marsabit zitameza karatasi na Vihiga haitaonekana. Tumia miraba ya ukubwa sawa iliyopangwa kwa kufuata ramani. Mikoa 8 iweke katika safu yake pembeni. Msomaji Mkenya ataijua picha kabla hajasoma maelezo, na macho yake yatakuwa huru kutazama kinachobadilika: je, mishale inaondoka kwenye safu ya mikoa na kuhamia kwenye kaunti?

Kwa kuonyesha mabadiliko, chora tofauti kati ya tarehe mbili badala ya hali ya kila tarehe. Viungo vilivyobaki vipake kijivu hafifu, vilivyozaliwa bluu, vilivyokufa rangi ya chungwa na mstari wa vipande. Epuka jozi ya kijani na nyekundu, kwani wako wasomaji wasioweza kuzitenganisha. Picha nne ndogo za ukubwa sawa, 2010, 2012, 2014 na 2018, zikikaa upande kwa upande, zitashinda filamu yoyote. Filamu inafaa ukumbini ukiwa unaongea. Kwenye tasnifu iliyochapwa haipo, na hata kwenye skrini mtazamaji huisahau Januari anapofika Juni.

Na picha ninayoitegemea kuliko zote kwa kazi kama yako haina mishale hata kidogo. Ni matriksi ya 55 kwa 55: safu mlalo ni makala inayounga, safu wima ni inayoungwa, na kila chumba kinapakwa rangi kulingana na mwaka kiungo kilipozaliwa, kuanzia hafifu hadi iliyokolea. Ukiacha ulalo, yaani vyumba ambamo makala inakutana na yenyewe, kuna vyumba 2,970. Panga kaunti kwa mikoa yake ya zamani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta pamoja, Garissa, Wajir na Mandera pamoja. Ikiwa wahariri waliendelea kuunganisha kaunti kwa mipaka ya mikoa iliyokwisha, utaona vibonge kando ya ulalo, na rangi yake itasema vilijengwa lini. Uhariri wa roboti au wa kigezo utajitokeza kama mstari mzima wa rangi moja. Makosa mengi ya data huonekana hapa kabla hayajakuaibisha mbele ya jopo.

Angalizo kuhusu takwimu zitakazoambatana na picha. Usilinganishe msongamano wa mtandao (viungo vilivyopo kwa kugawanya na vyote vinavyowezekana) wa miaka tofauti bila kutazama ukubwa wake. Makala 20 zenye viungo 76 zina msongamano wa 76 kwa 380, yaani 0.20. Makala 55 zenye viungo 297 zina 297 kwa 2,970, yaani 0.10. Msongamano umeshuka nusu, lakini wastani wa viungo kwa makala umepanda kutoka 3.8 hadi 5.4. Anayetaja kipimo kimoja tu atasema mtandao umelegea, naye atakuwa anapotosha. Toa vyote viwili, pamoja na urefu wa makala kutoka kwenye size, kwa sababu makala ndefu ina nafasi zaidi ya viungo.

Turudi kwenye sababu. Hata baada ya kusafisha, kiungo kilichozaliwa baada ya uchaguzi hakikuzaliwa kwa ajili ya uchaguzi. Unahitaji kundi la kulinganisha lililopita katika mfumo uleule wa Wikipedia bila mabadiliko ya Kenya. Makala za mikoa ya Tanzania zinafaa, mradi uiondoe mikoa mipya ya 2012 (Geita, Katavi, Njombe na Simiyu) na ile iliyomegwa, kama Rukwa kwa Katavi na Iringa kwa Njombe, pia Mbeya iliyotoa Songwe mwaka 2016. Ukiona mwendo uleule pande zote mbili, unachokipima ni Wikipedia yenyewe. Kenya ikiachana na Tanzania baada ya Machi 2013, hapo una jambo la kusema. Kisha tazama user na comment: viungo 300 vilivyowekwa na watu 25 kwa miezi sita ni jumuia inayojifunza mpaka mpya, 300 vilivyowekwa na mhariri mmoja jioni moja ni bidii ya mtu mmoja. Vyote viwili ni matokeo halali, lakini sentensi zake ni tofauti.

Majina ya wahariri na anwani za IP zilizomo katika historia ziko wazi kwa umma, lakini usiziweke kwenye michoro. Zijumlishe, na uulize kamati ya maadili ya chuo chako kabla hujachambua mwenendo wa mhariri mmojammoja. Katika jumuia ndogo kama ya Kiswahili mtu hutambulika hata bila jina.

Mambo mawili yatakulazimu uonane na watu ana kwa ana. Kwanza, ukitaka kuandika "kumesababisha" badala ya "kumeambatana na", keti na mtakwimu wa chuo ukiwa na jedwali lako la maisha ya viungo na kundi la Tanzania, kabla hujaendesha jaribio lolote. Viungo vya ukurasa mmoja havijitegemei, na majaribio ya kawaida yatakupa uhakika usiostahili. Pili, ukiona siku yenye mamia ya mabadiliko na maelezo ya uhariri hayakusaidii, waulize wahariri wenyewe kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, au ana kwa ana wakikutana karibu nawe. Waoneshe matriksi na uwaulize mstari ule wa rangi moja umetoka wapi.

Kwa msimamizi wako, peleka wiki hii mistari ile mitatu ya 2010 hadi 2014 peke yake, ukiweka alama kwenye tarehe 4 na 6 Machi 2013. Ramani ya miraba na matriksi zifuate mkishakubaliana kipi kinahesabiwa kuwa kiungo.